Ukaya wa Siki

Nilipoingia uani kwa mama, Milola, kitu cha kwanza kukiona kilikuwa mtungi wa siki, umefudikizwa juu ya kichanja cha vyombo, unakauka juani. Ulikuwa umesuguliwa kwa mchanga na majivu mpaka ukarudia rangi ya udongo mpya. Nilisimama na begi langu begani, hata salamu nikaisahau. Nilijua papo hapo kilichotokea. Ilinichukua muda zaidi kukubali kwamba aliyekisababisha ni mimi.

Ndani ya mtungi ule, tangu kabla sijazaliwa, mlikuwa na kitu ambacho nyumbani kwetu tunakiita ukaya. Ukaya wa kawaida ni kile kitambaa chepesi ambacho bibi zetu walijitandia kichwani. Ukaya wa siki ni ngozi nyeupe inayokaa juu ya siki, inateleza ukiishika, na ukiiacha muda mrefu inakuwa nene kama kidole. Kila msimu wa mabibo, mama alikuwa akiyakamua, anachuja maji yake, anayamimina mtungini, kisha anautandaza ukaya juu yake na kusema bismillahi. Mdomo wa mtungi aliufunga kwa kipande cha kanga kuukuu. Baada ya hapo hakuna kuusogeza, hakuna kuutikisa, hakuna kufunua kuchungulia, mpaka siki iive. Tulipokuwa wadogo tulichapwa kwa kosa la kuuegemea tu.

Siki hiyo ndiyo iliyokuwa ikiingia kwenye achari ya maembe ya mama, na achari hiyo ndiyo iliyompa jina. Watu wa mbali waliomsahau sura waliikumbuka achari. Na tulikuwa na desturi yetu: msichana wa ukoo akiolewa, pamoja na vyungu na kinu na mbuzi ya kukunia nazi, mama alimkatia kipande cha ukaya, akakitia chomboni na siki kidogo, akampa aondoke nacho. Kwa hiyo ukaya wetu ulikuwa na watoto katika nyumba kadhaa.

Mimi sikuolewa. Nilikata kipande changu nikiwa mtu mzima, nikakitia kwenye chupa ya plastiki, nikakipeleka chuo kikuu, Dar es Salaam. Mama alinisindikiza mpaka barabarani akinitania. "Haya, ukaya wako umeolewa na maabara. Mwambie mkwe asalimie."

Nafundisha biolojia katika sekondari moja ya Kilwa Masoko. Nilikuwa nimepewa ruhusa ya masomo ya miaka miwili, nikachukue shahada ya pili nirudi. Wenzangu darasani walichagua mada za malaria na za mihogo. Mimi nikachagua ukaya, kwa sababu niliujua, na kwa sababu nilitaka siku moja kitu cha jikoni kwetu kiandikwe kwenye kitabu chenye jalada gumu. Tasnifu nzima ilikuwa juu yake. Bila ukaya hakuna tasnifu, na bila tasnifu ningerudi shuleni kama nilivyoondoka, isipokuwa na mvi zaidi.

Ukaya ni kazi ya bakteria. Wanachukua sukari, wanaiunganisha punje kwa punje kuwa uzi mrefu, na nyuzi hizo zinasukana zenyewe kuwa utando. Wataalamu huita nyuzi za namna hiyo polisakaridi, yaani sukari nyingi zilizoshikana. Ile ya ukaya ni selulosi, ndugu wa pamba. Bakteria wengine hutengeneza za aina nyingine: ule ute unaoteleza ndani ya dumu la maji lisilosuguliwa, au ule utando unaoukuta kwenye meno asubuhi kabla ya mswaki. Kwa kifupi wanajijengea nyumba, na matofali ya nyumba ni sukari.

Nilichotaka kujua ni kitu kidogo. Bakteria wa ukaya wakiachwa watulie, wanatengeneza polisakaridi kiasi gani? Na wakikuzwa ndani ya maji yanayotikiswa je? Msimamizi wangu, bwana mmoja mwenye adabu nyingi na haraka kidogo, alikuwa na hakika na jibu. Bakteria hawa wanapenda hewa, alisema, tikisa, hewa ifike kote, utavuna mara mbili. Pale maabara kulikuwa na mashine ya kutikisa. Unabana chupa zako juu yake, inazizungusha usiku na mchana, haichoki. Nikamwambia kwamba nyumbani mtungi hausogezwi. Akatabasamu na kuniuliza kama nyumbani kuna takwimu.

Nilicheka naye. Mpaka leo nikikumbuka nilivyocheka naona aibu.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Badala ya ngozi moja, vilitokea vipira vidogo vyeupe vinavyoelea, na maji yenyewe yakawa mazito. Nilikuwa nachukua maji hayo, nayamiminia spiriti baridi, na nyuzi nyeupe zinajitokeza, zinapanda juu taratibu, nazikusanya kwa kijiti. Ndizo polisakaridi zilizoyeyuka, nilizokuwa nazipima. Kila wiki nilihamisha tone kutoka chupa ya zamani kwenda chupa mpya. Kila wiki vipira vikapungua. Nikadhani nimekosea kupima sukari, nikapima upya. Nikadhani ni joto, nikahamisha mashine. Ikafika wiki chupa zangu zote zilikuwa na maji yaliyochafuka tu, kama maji ya kuoshea mchele, na nikimimina spiriti hakuna kinachotokea. Bakteria walikuwepo, tena wengi kuliko mwanzo. Walikuwa wameacha kujenga.

Nilikaa siku nyingi na karatasi za watu wengine mpaka nikaelewa. Mtungini, hewa iko juu tu. Anayejenga ukaya anaelea karibu na hewa, asiyejenga anazama na kukosa pumzi. Nyumba ina faida. Kwenye mashine hewa iko kila mahali, kwa hiyo mvivu asiyejenga chochote anatumia sukari yake yote kuzaa. Baada ya wiki kadhaa wavivu wamejaa chupa na wajenzi wamekwisha. Nilikuwa nimetumia nusu ya ruhusa yangu ya masomo kufuga wavivu.

Kuna wanaoweka akiba kwenye friza tangu siku ya kwanza. Mimi niliweka akiba pia, kwa uangalifu na lebo nzuri, lakini niliichota kutoka chupa za mashine, baada ya wiki nyingi za kutikisa. Nilipoiyeyusha nikakuta wavivu wamelala humo wakinisubiri. Na kile kipande cha kwanza, kilichotoka kwa mama, nilikuwa nimekwisha kukikatakata chote. Msimamizi alisikiliza, akavua miwani, akasema, "Basi rudi kwenye chanzo." Alilisema kwa wepesi wa mtu asiyepanda basi.

Ndiyo maana siku ile nilikuwa nimesimama uani Milola nikitazama mtungi uliofudikizwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umenuna, hata begi hujatua?"

"Mtungi."

"Nimeuosha."

"Ukaya uko wapi?"

"Nimeufukia nyuma ya choo."

"Lini?"

"Siku ile ile ulipoondoka, msimu wa mabibo."

Ilikuwa imepita miezi saba. Bado nilikwenda nyuma ya choo kutazama. Palikuwa pameota mgagani, umestawi vizuri.

Niliporudi nilimuuliza kwa nini hakuniambia, na sauti yangu haikuwa sauti ya kumsemeshea mama. Yeye alikuwa anapepeta mchele. Hakuacha kupepeta. "Wewe ndiye uliyeniambia," akasema.

Hapo ikabidi nirudi nyuma kichwani mpaka mwezi wa Novemba uliopita. Nilikuwa nimekuja likizo fupi na tulikuwa wawili uani, beseni la mabibo katikati yetu. Mama hakuwahi kuniuliza kazi yangu ni nini hasa. Tangu nianze shule mpaka chuo, maswali yake yalikuwa mawili tu, kama nakula na kama nalala. Mchana huo, bila kunitazama, aliuliza, "Hivi huko kwako mnauangalia nini huu ukaya?"

Niliacha kisu. Sijui kama kuna mtu anayeweza kuelewa furaha niliyoipata kama hajawahi kusomea kitu ambacho wazazi wake hawana jina lake. Nilieleza mpaka adhana ya alasiri ikapita. Nilimwambia ukaya umefumwa na wadudu wadogo mno, na uzi wao ni sukari. Nilimwambia sukari zile zinashikana mikono, moja na ya pili na ya tatu, mstari mrefu usiokatika, na mistari inalazwa mmoja juu ya mwingine mpaka unapata kitambaa. Mama alikuwa ameacha kukamua. Alikuwa ananitazama mdomoni, kama anavyomtazama mtu anayesoma Kurani vizuri.

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Lakini mimi ni mwalimu, na mwalimu haruki hatua. Nikamwambia kwamba kabla ya siki, wadudu wengine, ndugu wa hamira, wanaanza kuigeuza sukari ya mabibo kuwa pombe, na wale wa ukaya wanaila ile pombe na kuifanya siki.

"Kwa hiyo ni pombe kwanza," mama akasema.

"Siku chache tu, mama. Halafu inakwisha."

Alirudisha mikono kwenye beseni. "Alhamdulillahi, umesoma," akasema, na mimi nikalichukua neno hilo kama sifa, nikarudi nalo Dar es Salaam, nikalifurahia wiki nzima.

Sasa, mchele ukirukaruka kwenye ungo, nilisikia yaliyofuata. Basi langu lilipoondoka tu, mama alimwaga mtungi. Siku iliyofuata alivaa buibui akapita nyumba za wote aliowapa ukaya hapo Milola, sita kwa jumla, moja baada ya nyingine, akawaomba radhi, akawaambia wamwage. Hakutuma mtu. Alikwenda mwenyewe kwa miguu, na goti lake lile bovu.

"Nimewalisha watu kitu kilichopitia pombe, na wao wananiamini," alisema. "Ningekaaje kimya?"

"Siki ni halali, mama. Kila mtu anajua siki ni halali."

"Wewe ni mwalimu wa biolojia."

"Basi muulize mwalimu wa madrasa."

Hapo ungo ulisimama. Mwalimu wa madrasa ndiye aliyekuwa mpenzi mkubwa wa ile achari. Kila Ijumaa kibakuli chake kilitangulia. "Nimwendee nimwambie nini?" mama aliuliza taratibu. "Kwamba miaka yote hiyo nimemlisha pombe na maembe?"

Nilikasirika kiasi cha kushindwa kula. Nilimkasirikia mama kwa kumwaga bila kuuliza, na kwa kuwa mwaminifu kiasi kile. Nilimkasirikia msimamizi na mashine yake. Lakini kila nilipofika mwisho wa hasira nilijikuta mimi nimekaa hapo, na kisu cha mabibo mkononi, nafundisha.

Kesho yake nilipita nyumba zile zile sita, nikifuata nyayo za mama. Nyumba ya kwanza mtungi ulikuwa umetiwa unga. Ya pili walikuwa wameuchemshia maji mara tatu, wakanieleza kwa fahari. Ya tatu chombo kilikuwa kinanyweshea kuku. Ya nne kilivunjika wakati wa kusuguliwa, na mwenye nyumba akaniomba nisimwambie mama. Ya tano na ya sita sikumbuki tofauti yao. Ninachokumbuka ni kwamba kila nyumba walinikaribisha vizuri, wakanipa kiti, wakanishukuru. Bila elimu yako, walisema, tungejuaje? Watu sita walinishukuru kwa elimu siku ile, na kila shukrani ilinichoma.

Nilibakiwa na mahali pamoja. Mdogo wake mama, mama yangu mdogo, anauza chakula Nangurukuru, pale mabasi yanaposimama. Yeye alipewa ukaya wake zamani alipoolewa, na alikuwa akiutumia kulowekea pilipili za wateja. Mama hakuwa amemwambia, kwa sababu alibadilisha laini ya simu na namba mpya hatukuwa nayo.

"Naomba usimtafute mpaka nifike," nilimwambia mama.

"Nikimpata nitamwambia. Siwezi kumwacha mdogo wangu na wateja wake kwenye haramu kwa ajili ya masomo yako."

"Siku moja tu, mama."

"Mimi sikufichi. Nikimpata, nitamwambia."

Niliondoka asubuhi mapema, nikapanda basi Lindi. Njia nzima nilihesabu: mama anao majirani wangapi wenye ndugu Nangurukuru. Nilikuwa nashindana mbio na mama yangu mwenyewe, na yeye alikuwa na simu.

Nilipoteremka jua lilikuwa utosini. Mama mdogo alikuwa anageuza samaki kwenye kikaango, akaniona, akaanza kucheka kabla sijafika. "Mama yako kanipata leo asubuhi kupitia kwa jirani," akasema. "Kaniliza hapa mbele ya wateja. Kaa ule."

"Umemwaga?"

"Nimemwaga. Ningefanyaje, dada yangu analia?"

Nilikaa kwenye benchi. Aliniletea wali na samaki, na mezani, mahali pa chupa ya pilipili, hapakuwa na kitu. Jamaa mmoja wa lori alikuwa ananung'unika kwamba chakula leo hakina ladha. Nilikula matonge mawili. Nilimuuliza chupa yenyewe iko wapi, kwa namna tu ya mtu anayetaka kuona mahali msiba ulipotokea.

"Hapo chini ya benchi. Nimeisuuza mara moja. Shingo yake nyembamba hivi, mkono utaingilia wapi?"

Niliinama nikaitoa. Ilikuwa chupa ya kioo, ya sharubati za zamani, mdomo mwembamba na mabega mapana. Niliiinua kwenye mwanga. Kwenye bega la chupa, pale maji ya kusuuza yasipogonga sawasawa, paling'ang'ania ute mwembamba, na ndani ya ute kijikipande cheupe kisichozidi ukucha. Utando ukishashika ukuta hautoki kwa kusuuza. Nimelifundisha jambo hilo mara nyingi ubaoni, kwa maneno makavu, nikitaja meno na mabomba. Nilikuwa sijawahi kulishukuru.

Nilinunua dafu kwa muuzaji wa pale stendi, nikamimina funda moja ndani ya chupa ili ule ute usikauke, nikaziba kwa kipande cha kitambaa. Mama mdogo alisimama na mwiko mkononi akinitazama.

"Unatia dafu safi kwenye uchafu," akasema. "Wewe na mama yako hamna tofauti. Yeye anamwaga bila kuuliza, wewe unaokota bila kuona haya."

Sikuendelea Dar es Salaam. Nilijua nikifika kule nitatiwa tena kwenye mashine, mimi na chupa yangu. Nilishika njia ya Masoko, kwenye shule yangu, nikaomba ufunguo wa stoo ya maabara. Niliandaa mitungi minne midogo ya kioo: maji ya nazi, sukari, siki kidogo ya dukani ili ukungu usitangulie. Kwa kijiti cha mnazi kilichochemshwa niliukwangua ule ute na kuugawa. Nikafunga midomo kwa vipande vya kanga, nikaandika karatasi: USIGUSE.

Onyo hilo lilinihusu mimi zaidi ya wanafunzi. Kuna watu wanaoweza kungoja, mimi si mmoja wao. Siku ya nne mtungi wa kwanza uliota ukungu wa kijani, nikautupa. Siku ya sita wa pili ukafuata. Siku ya nane sikuweza tena. Niliuchukua wa tatu, nikaupeleka dirishani nione, na nilipoupindisha kidogo kwenye mwanga niliona kitu chembamba, chembamba kama utando wa maziwa yaliyopoa, kikikunjamana na kuzama. Ulikuwepo. Nilikuwa nimeuvunja kwa kutaka kujua kama upo. Niliweka mtungi chini, nikatoka nje nikazunguka uwanja wa shule, nikijitukana kwa maneno ambayo mwanafunzi angefukuzwa nayo.

Wa nne sikuugusa. Nilikuwa napiga magoti mbele ya rafu na kumulika kwa ubavuni, mikono nimeifunga nyuma. Siku ya kumi na tatu juu ya maji kulikuwa na ukaya. Ulikuwa mweupe, umeenea ukingo hadi ukingo, hauna tundu. Nilikaa kwenye stuli ya maabara nikalia, na sikujua hasa nalia nini, maana furaha ilikuwepo lakini haikuwa peke yake.

Msimamizi alifurahi kwa simu, akaniombea muhula mmoja wa ziada. Akasema wale wavivu nao ni matokeo, niwaandikie sura. Nimewaandikia. Tasnifu bado haijakwisha ninapoandika haya, na mkuu wa shule kila tukipishana ananiuliza siki yangu inaendeleaje, kwa sauti ambayo siipendi.

Msimu wa mabibo uliporudi, mama alinipigia. Ilibidi azunguke kwanza kwa habari za mvua. Kisha akasema mwalimu wa madrasa alikuja mwenyewe baada ya Ijumaa nyingi zisizo na achari, akataka kujua amemkosea nini. Mama akashindwa kujizuia, akamweleza yote. Mwalimu akamuuliza kama aliwahi kukusudia pombe. Hapana. Kama aliwahi kumpa mtu akalewa. Hapana. Basi siki iliyogeuka yenyewe ni halali, akamwambia, na amesumbua goti lake bure.

"Kile kipande," mama akasema, "bado unacho?"

Nilikipeleka mwenyewe, mapajani, mwendo wote wa basi nimekishika kwa mikono miwili. Mtungi ulikuwa tayari pembeni mwa jiko, maji ya mabibo yamechujwa. Niliufungua mtungi wangu wa kioo, na mdomo wangu nao ukafunguka, kwa kuwa nilikuwa na mengi: kuhusu wavivu na wajenzi, kuhusu hewa, kuhusu kwa nini kutulia kwake mtungi kulikuwa sawa miaka yote na mimi na msimamizi wangu tulikuwa wajinga. Nilitaka sana ajue hilo. Nilifikiri lingemfurahisha.

Mama aliinua kiganja. "Mwanangu, safari hii usinieleze kinachofanyika humo ndani."

Nikafunga mdomo. Tulisema bismillahi, tukautandaza ukaya kwa pamoja, yeye upande wake na mimi upande wangu, akafunga kanga. Nilikwenda chumbani nikajilaza. Nilikuwa nimemrudishia siki yake, na nilikuwa nimepoteza msikilizaji wangu wa pekee. Niliona hiyo ndiyo bei, nami nimeilipa.

Alasiri alikuja binti wa jirani yetu, mmoja wa ukoo, anayeolewa baada ya msimu. Alikuja kuomba ahadi ya kipande chake. Niliwasikia kupitia dirisha. Binti aliuliza kwa nini mtungi usitikiswe.

"Humo ndani kuna wadudu wadogo mno, macho hayawaoni," mama alisema. "Wanafuma. Wanashikana mikono, mmoja na wa pili na wa tatu, mstari mrefu usiokatika. Ukitikisa wanaachiana. Dada yako ndiyo anayosomea huko chuoni, hayo hayo."

Pombe hakuitaja. Na alikosea mahali pamoja, kwa sababu wanaoshikana mikono si wadudu, ni sukari. Nilikuwa nimekwisha kuinuka kitandani na kushika kitasa. Nikakiachia, nikarudi kulala, nikamsikiliza mpaka mwisho.